Zamu ya Baraza

Honi ya pikapu ya Wamuyu ilipolia kule juu kanisani, mlango wa jikoni ulikuwa umekwisha kung'olewa bawabani na kulazwa uani. Kamanthe aliutandikia mablanketi, lile la kijivu chini na lile la maua juu, akaweka mto mahali ambapo mguu ungekaa, akaupigapiga mpaka ukabonyea vizuri katikati. Ndipo wanaume wanne wa kijiji walipomtoa mumewe chumbani wakamlaza juu ya mlango ule, polepole, kama watu wanaohamisha kabati la vioo.

Onesmus mwenyewe aliuelekeza mguu wake kwenye mto kwa mikono miwili. Jiwe la kwari kule Mlolongo lilikuwa limemwangukia chini ya goti, na daktari wa Machakos alikuwa amepitisha vyuma ndani ya mfupa, vyuma vilivyochomoza nje ya ngozi kama vigingi vya hema. Kila Jumanne mguu ulitakiwa kuoshwa hospitalini. Daktari alimweleza Kamanthe bila haraka, akimtazama usoni: mguu usitikiswe, na siku isirukwe. Usaha ukiingia kwenye mfupa, hapo hakuna dawa tena, ni msumeno. Kamanthe alirudi nyumbani na neno hilo, msumeno, na hakumwambia mtu.

Njia ya kupandia ndiyo zamani iliyokuwa barabara. Hata sasa mgeni angeitambua kwa upana wake, kwa mikaratusi iliyopandwa kandokando, na kwa kalvati moja iliyojaa udongo mpaka mdomoni. Lakini katikati ya mlima barabara ilikatwa na mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, uliotoka ukingo huu hadi ukingo ule, na juu ya tuta lake nyasi za nepia zilikuwa zimeota kumpita mtu kimo. Hapo wanaume walisimama wakatazamana. Wawili waliingia mtaroni, wawili wakapanda tutani, na mlango ukapitishwa juu ukiwa na mtu wake. Uliinama upande mmoja. Onesmus aliushika kwa kucha, akauma mkono wa koti lake. Kamanthe, aliyekuwa nyuma na kiondo cha nguo, aliona damu ikipenya kwenye bandeji, kwanza kitone, halafu ikawa kama mdomo wa kikombe.

"Aliyechimba hapa alikuwa na nguvu," mmoja wa wabebaji alisema huku akihema, na wenzake wakacheka chinichini, kwa sababu wote walimjua aliyechimba. Walikuwa wamembeba.

Kule juu Wamuyu alikuwa amesimama kando ya gari lake, leso kichwani na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mfanyabiashara wa Kithimani, mnunuzi wa ndizi na mapapai, na zamani pikapu yake ilikuwa ikiteremka mpaka langoni kwa Kamanthe, ikageuzwa hapo kwa raha. Aliiona damu akageuza macho. Alisaidia kupanga majani ya migomba chini ya mgonjwa ili asirushwe sana, kisha akamvuta Kamanthe pembeni.

"Mama Mutanu, mimi nitawangojea, lakini hizi ndizi hazijui kungoja. Na hao vijana wako wameshachoka, nimewaona. Wewe ongea na diwani. Greda ikipita hapa hata nusu siku tu, huyu mzee nitamchukua mlangoni kwake."

Wamuyu hakukosea juu ya wabebaji. Jumanne iliyofuata walikuja watatu, na mmoja aliuliza kwanza kama kuna kitu kidogo cha tumbaku. Kamanthe alimpa pesa ya chumvi.

*

Barabara hiyo ilikufa baada ya ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Mifereji iliziba, kalvati zikafukiwa, na kila mvua iliyonyesha kule kanisani ilishuka barabarani kama mto, ikageukia shamba la Onesmus na kulila. Ilikula mipaka, ikala mistari ya mihogo, ikaanza kulamba mizizi ya migomba. Onesmus alikwenda barazani kulalamika. Watu wa baraza la wilaya walimwambia, kwa heshima zote, kwamba barabara ile ni ya serikali kuu. Alikwenda kwa watu wa serikali kuu. Wakafungua ramani, wakapitisha kidole, wakamwambia ni ya baraza. Maji hayakungoja waelewane.

Basi Onesmus aliita mwethya. Kijijini hapo kazi nzito yote hufanywa hivyo: leo wanawake na wanaume wachache wanachimba kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, zamu kwa zamu, na aliyechimbiwa haulizwi pesa, anaulizwa mgongo wake. Asiyetokea siku ya mwenzake bila sababu, kikundi huenda kwake kikachukua kitu, sufuria au jembe au kuku, kikakaa nacho mpaka alipe siku yake. Hakuna anayenuna. Kamanthe mwenyewe aliwahi kuchukuliwa sufuria ya ugali wakati mama yake alipojifanya mgonjwa akamsahaulisha siku ya mwenzake, na alipikia chungu cha kuazima mpaka alipomaliza deni lake la jasho.

Mwethya ulichimba mtaro ule katikati ya barabara iliyokufa, ukatupa udongo juu, ukapanda nepia. Maji yalisimama. Shamba likashika, migomba ikanenepa, na afisa wa kilimo akaleta wageni wapige picha. Siku hiyo Onesmus alivaa koti jeusi, akasimama juu ya tuta na mikono nyuma, akieleza habari za udongo kama mwalimu. Picha moja alipewa. Ilitundikwa juu ya kitanda alicholala sasa.

*

Ofisi ya diwani ilikuwa sokoni, nyuma ya kinu cha mahindi, na mtu aliyekaa humo alilazimika kuinua sauti kila kinu kiliponguruma. Karani wake, Antony, kijana mwenye tai fupi, alimwelekeza Kamanthe kwenye benchi akamwambia apanguse miguu. Akapangusa. Watu waliokuja baada yake waliingia wakatoka. Mwenye duka la saruji aliingia, akacheka sana mle ndani, akatoka. Kamanthe aliulizwa tena jina lake, likatajwa vibaya, na alipokuwa karibu kusinzia akaambiwa aingie.

Diwani Aloys alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho Kamanthe alikifahamu. Kilikuwa cha mbao za mukau, kilichochongwa na mafundi wa Wamunyu, na mikono yake ilimalizikia kwenye vichwa vya simba. Diwani aliposhinda kura, vikundi vya wanawake vya kata nzima vilichanga kuku na mayai, vikauza, vikamnunulia. Mto mwekundu ulishonwa na Kavutha, mwenyekiti wa mwethya wa akina Kamanthe. Wanaume wawili wenye nguvu ndio waliokipakua kwenye lori siku hiyo, na mmoja alilalamikia kiuno wiki nzima.

Kamanthe alieleza habari ya mguu. Diwani alisikiliza vizuri, akamenya karanga, akampa chache kiganjani.

"Barabara mliifunga wenyewe," alisema.

"Ilikuwa imekufa, mheshimiwa."

"Imekufa na cheti cha kifo mko nacho?"

Antony alicheka mlangoni. Kamanthe naye alitabasamu, kwa kuwa mtu akiwa ameshika karanga za mwenzake ni vigumu kutotabasamu.

Diwani akaendelea kumweleza kwamba kuziba barabara ya baraza ni kesi, tena kesi ya jela, ila yeye si mtu wa kumpeleka mgonjwa kortini. Kamanthe alisikia vizuri. Kumbe leo ilikuwa ya baraza. Greda ipo, diwani alisema, na mafuta yako njiani, lakini dereva hawezi kuteremsha mashine ya serikali kwenye mtaro wa mtu. Mtaro ufunguliwe kwanza, palainishwe.

"Nyinyi mfanye yenu, mwaitu, mama yetu, na sisi tufanye yetu."

Kamanthe aliinua uso. Maneno hayo aliyajua. "Kwa hivyo sisi tukitoka, na nyinyi mtatoka."

"Tutatoka."

"Kabla ya mvua?"

"Hata kabla mawingu hayajakuja." Akanyoosha mkono juu ya meza.

Kamanthe alikamata mkono ule kwa mikono yake miwili. Alipokuwa akirudi nyumbani alitembea kwa haraka kuliko alivyokuja. Maisha yake yote watu walikuwa wakipeana siku kwa maneno hayohayo, na kwa mkono huohuo, na hakuwahi kumwona mtu mzima akiyatamka halafu asijione ana deni. Kwamba diwani aliyasema kama mtu anavyosema karibu chai huku birika likiwa tupu, hilo halikumpitia kichwani hata kidogo.

*

Onesmus alikataa. Alikataa akiwa amelala chali, macho kwenye mabati.

"Nyasi ile ndiyo inashika shamba."

"Na mguu wako unashikwa na nini?"

"Mvua iko karibu, Mama Mutanu. Ukifungua pale, na greda isije, maji yatakuja hapa mlangoni kukupigia hodi."

"Itakuja. Amenipa mkono."

"Diwani?"

"Kwani si mtu?"

Onesmus aligeuza kichwa upande wa uani. Nje kuku walikuwa wakiparuza. Kisha aliuliza, kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu aletwe kutoka hospitali, kitu ambacho alikuwa amekisoma usoni mwa mkewe na hakukitaja. "Ule mguu ukiharibika, daktari alisema atafanya nini?"

Kamanthe alitengeneza blanketi. Alilivuta upande huu, akalivuta upande ule, akachomoa uzi uliolegea. "Alisema siku isirukwe," akajibu.

Mwanamume alitazama picha yake juu ya ukuta, akiwa na koti jeusi na miguu miwili juu ya tuta. Halafu akageukia ukuta.

"Fungueni," alisema.

*

Mwethya ulikuja wote. Kavutha alifika wa kwanza, jembe begani na firimbi shingoni, akatangaza kwamba leo ni kazi ya kufukua kaburi la barabara, na mwenye kuogopa maiti arudi nyumbani. Walikata nepia, wakazitupa upande. Walilibomoa tuta wakarudisha udongo mtaroni, wakaushindilia kwa magogo huku wakiimba, na Kamanthe akapika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe kwenye ile sufuria iliyowahi kuchukuliwa. Wengine walimtania Onesmus kupitia dirishani kwamba yeye ndiye mtu wa pekee Ukambani aliyelipisha watu kazi mara mbili, kuchimba na kufukia. Onesmus aliwajibu kwamba kazi yao ya kwanza ilikuwa mbaya, ndiyo maana imerudiwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu jiwe limwangukie, na Kamanthe, aliyekuwa akipakua chakula, alisimama na mwiko hewani asikilize.

Jumanne hiyo pikapu ya Wamuyu ilishuka. Ilishuka kwa gia ndogo, ikilalia upande, lakini ilifika langoni na kupiga honi pale pale ambapo zamani ilipigia. Hakuna mlango uliong'olewa. Onesmus alitoka akishikiliwa na mkewe na Wamuyu, akawekwa ndizi kulia na ndizi kushoto, na hospitalini bandeji ilipofunguliwa muuguzi alisema kidonda kinapendeza. Kamanthe alilishika neno hilo. Kinapendeza. Alilirudia njiani kwa kila aliyeuliza hali.

Jumatatu aliyotajiwa na Antony, greda haikuja. Kamanthe alikuwa amefagia mpaka barabarani. Akaenda sokoni, Antony akamwambia mafuta yamechelewa. Wiki iliyofuata mafuta yalifika lakini dereva alikuwa kwenye matanga. Mara ya tatu Antony hakumwambia akae. Alimwambia akiwa amesimama kwamba greda imepelekwa upande mwingine, ambako kuna mgeni mkubwa atakayefungua kisima, na kwamba yeye Kamanthe si mtu wa pekee katika kata hii mwenye mgonjwa. Alipotoka, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima kama nguo zilizoanikwa.

*

Mvua ilianza mchana, watu wakiwa mashambani. Kamanthe alisikia kwanza mlio ambao hakuwa ameusikia kwa miaka, mlio wa maji yanayokuja yakiwa pamoja. Yalishuka barabarani, yakafika mahali palipokuwa na tuta, na kwa kuwa udongo pale ulikuwa mpya na laini yaliuchukua wote kwa mara moja, yakaingia shambani. Alikimbilia nje na jembe asijue la kufanya nalo. Alisimama akaona mgomba wa kwanza ukiinama, taratibu, kama mtu anayepiga magoti kanisani, halafu wa pili.

Kutoka ndani Onesmus aliita, akitaka kujua maji yamefika wapi. Kamanthe alimjibu kwamba ni maji kidogo.

"Nasikia migomba ikianguka," Onesmus alisema. "Usinidanganye kama mtoto."

Ilinyesha wiki mbili kwa vipindi. Ilipopumzika, mahali pa barabara palikuwa na korongo ambalo mtu akisimama ndani huoni kofia yake, na korongo hilo lilikuwa limepinda na kukata njia yao kabisa, likala nusu ya shamba na kona moja ya jikoni. Kule ng'ambo mikaratusi miwili ilining'inia kwa mizizi. Jumanne ya kwanza Wamuyu alipiga honi kule juu, akapiga tena, kisha honi ikanyamaza. Jumanne ya pili wabebaji walikuja mpaka ukingoni, wakatazama chini na kurudi, mmoja akisema kwa huruma ya kweli kwamba afadhali mzee alale tu, wasije wakamuua wao. Jumanne ya tatu hakuna aliyekuja. Kamanthe aliosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu kama alivyomwona muuguzi akifanya. Siku ya nne baada ya hapo aliingia chumbani na uji akanusa kitu, akasimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Nimekinusa mimi tangu jana," Onesmus alimwambia. "Leta uji."

*

Kikundi kilikutana kwa Kavutha, kama kilivyokutana kila mwisho wa mwezi, ili kuhesabu nani amefika kwa nani. Kamanthe alikuwa amekaa karibu na mlango, akitaka kuondoka mapema. Majina yalipomalizika, Kavutha aliuliza kama kuna aliyesahaulika.

"Baraza," Kamanthe alisema.

Walidhani anatania. Akaeleza tena, sasa kwa kila mtu, maneno ya diwani jinsi alivyoyasema na mkono jinsi alivyoutoa. Sisi tukitoka, na nyinyi mtatoka. Tutatoka. Hakulia. Mwisho aliuliza tu, kwa mtu ambaye hakutoka siku yake, kikundi hufanya nini.

Kavutha alifunga daftari la majina. Mwanamke mmoja mzee alisema baraza si mwanachama. Kavutha akamjibu kwamba uanachama ni mgongo, na migongo yao wameshaitoa; kama diwani hakutaka kuwa mwanachama angesema hapana siku ile ile. Kisha akachukua shuka lake. "Mwenye kamba ya katani aje nayo," alisema.

Diwani hakuwepo. Kinu kilikuwa kinanguruma. Antony aliwaona wakiingia bila kukaa kwenye benchi wala kupangusa miguu, matope mpaka magotini, na alipoelewa walichokuja kufanya alisimama mbele ya kiti na mikono wazi.

"Hicho ni kiti cha baraza."

"Tunakijua," Kavutha alisema. "Mto huo nilishona mimi. Sema kwa mheshimiwa hatukuiba, tumeshika. Akitoka siku yake, kitarudi."

Walikitoa kikiwa juu chini kupitia katikati ya soko. Watu waliacha kupima maharagwe. Hakuna aliyeuliza, na wanaume fulani, wale wabebaji wakiwemo, waliwafuata kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha wakawapokea.

Nyumbani kwa Kamanthe walikifunga miti miwili mirefu chini ya mikono ile ya simba. Onesmus aliketishwa, akafungwa kifuani kwa leso ya Kamanthe, mguu ukanyooshwa juu ya ubao. Hawakujaribu korongo. Walizunguka kwa chini, wakapita mashamba ya watu, mahali walipoomba radhi na mahali wasipoomba, watu wakibadilishana mabega, na jua lilipokuwa linakwenda kutua walitokea juu kanisani. Wamuyu alikuwa ametumiwa habari. Alikuwa amemwaga ndizi zake zote chini, zikakaa hapo kando ya barabara bila mlinzi, ili kiti kienee.

Daktari alikuwa yule yule. Alifungua bandeji, akaifunga. Hakumtazama Kamanthe usoni.

*

Walimrudisha Januari, kwa njia ile ile ya kuzunguka, juu ya kiti kile kile. Safari hii alikuwa mwepesi, na waliombeba walilitambua jambo hilo mabegani mwao. Kwa kuwa nyumba ilikuwa na joto na kitanda kilikuwa kimemchosha, Kamanthe alikiweka kiti uani, na Onesmus akawa anashinda humo, magongo mapya yameegemezwa kwenye kichwa cha simba, akilitazama korongo. Dawa ya kufunga kigutu bado ilikuwa ni ya kila Jumanne.

Antony alikuja siku ya jua kali. Walimwona kwanza ng'ambo, akiteremka korongoni kwa matako, tai mfukoni, halafu hawakumwona kwa kitambo, halafu mikono yake ikatokea upande wa huku ikishika mizizi. Alifika akitweta. Kamanthe alimpa maji, akanywa yote, akaongezwa. Ndipo alipokumbuka alilotumwa. Diwani amesema kiti kirudi leo, kabla jambo halijafika kwa polisi. Land Rover la baraza linangoja.

"Linangoja wapi?" Kamanthe aliuliza.

"Juu. Haliwezi kushuka."

"Haya," alisema Onesmus, na kwa adabu yote akachukua magongo yake, akainuka kwa mguu wake mmoja, akasimama pembeni kama mtu anayempisha mgeni. "Si chetu. Kibebe."

Antony alikishika kiti kwa mikono ya simba. Kiliinuka kidogo, kikatua. Akakikumbatia kwa nyuma, akapiga hatua za kukokota mpaka ukingoni, akatazama chini, kisha akatazama ng'ambo, mahali ambapo juu ya mlima paa la gari lilimetameta. Alikiweka chini. Kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kukaa, akakikalia.

Alikaa hapo kitambo kizuri. "Kwani hapa pote palikuwa barabara?" aliuliza.

Kamanthe aliokota kikombe alichonywea maji. Mwisho Antony aliinuka, akachomoa ule mto mwekundu, akasema lazima aonyeshe kwamba alifika. Akautia kwapani, akateremka korongoni nao.

Onesmus alirudi kwenye kiti akakalia mbao tupu. Hakuomba kirudishwe kivulini. Pale ukingoni aliona vizuri zaidi: mahali maji yalipoingilia, mahali yalipogeukia, na vile vishina vya nepia walivyovitupa kando siku ile ya kufukua, ambavyo sasa, bila kuulizwa na mtu, vilikuwa vimechipua.

"Mama Mutanu," alisema. "Mvua ya Machi ikitukuta hivi, itachukua nyumba."

"Najua."

"Mtaro uanzie pale kwenye mkaratusi ulioinama, upite mpaka pale. Uwe wa kina kuliko ule."

Kamanthe alipafuata kidole chake. Ulikuwa mstari ule ule, kutoka ukingo hadi ukingo. "Na Jumanne?" aliuliza. "Gari likija kuja siku moja, litapita wapi?"

Mwanamume alikuwa amefumba macho, jua likimpiga usoni. Mkewe hakumuuliza tena. Aliingia ndani akatoka na jembe, akaenda mpaka kwenye mti ulioinama. Alivua viatu akaviweka pamoja kando, vikitazama nyumbani. Kutoka kitini Onesmus alimwambia asogee kidogo kulia, kidogo tena, hapo. Akainua jembe, akaanza kuifunga barabara.